Namba ya Milembe

Mlango wa Luhende ulifunguka saa saba na robo mchana, na aliyeufungua hakuwa Luhende wala hakuwa marehemu mkewe.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, tonge la ugali mkononi, mlenda wa jana kwenye bakuli. Alisikia kwanza kile kimlio cha kufuli kikimaliza hesabu yake. Miaka minne hakuwahi kukisikia akiwa ndani, maana mgane ana nani wa kumfungulia? Tonge likasimama kati ya bakuli na mdomo. Akaingia mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, godoro lililoviringishwa kichwani, birika mkononi. Akalibwaga godoro sakafuni, akajipangusa jasho kwa ncha ya kanga, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta pa kulaza ubavu, ndipo akamwona.

"Wewe unafanya nini humu?" akauliza.

"Nakula."

"Humu nimepangiwa mimi. Ngazi ya kumi na mbili, mlango wa tatu."

"Hii ni ya kumi na moja, mama. Ya kumi na mbili ni hapo juu, panapochoma zaidi."

Mwanamke akatoka, akachungulia ukingoni, akahesabu kwa kidole kuanzia chini kabisa ya shimo, kwenye maji, hadi pale aliposimama. Akarudi amepoa.

"Shikamoo mzee. Nisamehe. Ngazi zenu zinafanana kama meno."

"Marahaba."

"Naitwa Siwema. Siwema binti Kondo. Tumeletwa jana kutoka kambi za Pwani."

"Mzaramo?"

"Mzaramo kamili, japo bahari imemeza kwetu kote. Na wewe kwa huo mlenda ni Mnyamwezi, usinikatalie."

"Sikukatalii. Luhende."

"Basi radhi yangu nairudisha mfukoni." Akavuta kigoda cha pili, akanawa kwa maji ya birika lake, akamega tonge. "Mtani hapigi hodi. Babu zenu walibeba mizigo hadi kwetu, wakala wakamaliza vyungu, nani aliwauliza?"

Siku nyingine Luhende angejibu. Angemwambia kwamba Wazaramo ndio waliokuwa wakijificha kwenye mizigo hiyo ili wabebwe. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

"Umeufunguaje?"

"Kwa kiganja. Ulitaka niufungue kwa meno?"

"Hebu twende nje."

Watu wa Shimoni wanajua kitu kimoja hata kama hawajui kingine: mlango wa ndoa una mikono miwili tu. Jua lilipozidi huko juu hata mifugo ikafia kwenye kamba, watu walishushwa kwenye shimo hili la mgodi wa zamani, wakapangwa kwenye ngazi zilizochongwa na mashine, wakubwa chini kwenye kivuli na maji, walalahoi juu kwenye mwanga. Na kila aliyeshuka alipewa namba yake, punje iliyopachikwa chini ya ngozi ya kiganja. Namba ya tarakimu mia tatu. Tena si namba yoyote ile, bali namba tasa, ile isiyo na mwingine ndani yake ila moja na yenyewe. Ukiwa na tofali idadi hiyo, panga mistari sawa uwezavyo, daima itabaki tofali ya kuharibu mstari.

Luhende hilo hakulisoma. Shule aliiachia darasa la tatu. Alilijua kwa sababu alifyatua tofali miaka arobaini, na baba yake alimfundisha kuhakiki hesabu kwa kupanga, si kwa kuandika.

Mtu akioa, namba ya mume huzidishwa na ya mke, na jawabu hupakwa rangi kuzunguka fremu ya mlango na shangazi za bwana harusi, tarakimu mia sita, tangu alfajiri hadi magharibi, kwa nyimbo na matusi ya harusini. Anayepita anaweza kuzisoma. Haziibiwi. Kuzidisha ni kazi ya kupepesa jicho. Lakini kulirudisha lile jawabu kwenye wale wawili waliolizaa, hata mashine zote za serikali zikifungwa nira moja, jua litazima kwanza. Kufuli yenyewe haina akili nyingi. Inachukua namba ya kiganja, inaigawa kwayo ile ya mlangoni, na isipobaki kitu inafungua.

"Weka tena," Luhende akasema.

Siwema akaweka kiganja. Mlango ukafunguka.

Luhende akaufunga. Akamwita jirani yake mzee Ntemi, aliyekuwa akianika magunia, akamwambia naye aweke. Mlango ukamtazama tu. Akamwambia Siwema aweke wa kushoto. Ukakataa. Wa kulia, wenye punje. Ukafunguka. Mara tisa walijaribu, na mara ya tisa Siwema hakuwa anacheka tena.

"Mzee, mimi si mwizi."

"Najua."

"Hata namba yangu yenyewe ni fupi. Sisi wa kambini tulipewa mwanzo kabisa, tarakimu mia tu. Hata kwenye namba tulibaniwa."

Luhende aliegemea fremu, mgongo wake ukifuta rangi ya bluu iliyopakwa na dada wa baba yake. Kilichokuwa kikimjia hakikuhusu mlango. Kilihusu kitanda.

Milembe alikuwa akisafishwa damu kwa mashine, zahanati ya chini, mara mbili kwa wiki. Kitanda kile kilikuwa na kufuli kama ya mlango, na namba yake ilikuwa hii hii ya ndoa, ili mume aweze kumfungulia mkewe akitaka kugeuka. Kitanda kikifunguliwa, mashine husimama. Asubuhi ile ilisimama, na damu ikaganda kwenye mipira, na hakuna aliyejua mpaka muuguzi alipopita. Luhende alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimelala pembeni mwa shuka, usingizi wa siku tatu umemshika. Idara ya Namba ikaleta karatasi: kitanda kimefunguliwa kwa mkono halali. Mikono halali ni miwili. Wa mgonjwa ulikuwa umefungwa sindano. Basi.

"Hesabu haidanganyi, mzee," walimwambia. Wakaandika uchovu wa mwangalizi, wakamsamehe. Walimsamehe! Hata binti yake Holo, anayekaa ngazi ya nne, alisoma karatasi ile na tangu hapo hakukanyaga kizingiti cha baba yake. Hutuma chumvi na sukari kwa mkono wa jirani. Na Luhende mwenyewe, miaka minne, amekuwa akiutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayeishi na mbwa aliyemng'ata mtoto.

"Siwema," akasema taratibu. "Ulishawahi kufika Shimoni kabla ya jana?"

"Mara moja tu. Nilikuja kumuuguza shangazi, zahanati ya chini. Miaka minne hii."

Hakumuuliza mwezi.

*

Ofisi za Idara ya Namba ziko ngazi ya kwanza, hatua ishirini kutoka kwenye maji, mahali ambapo mtu anaweza kuvaa koti na asionekane mwendawazimu. Siwema aliambiwa asubiri ukumbini na wengine waliokuja kujiandikisha. Luhende alipitishwa kwa Msajili Mkuu, Bi Tumsifu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba ya shanga.

"Ni kutu, baba," Bi Tumsifu alisema kabla hata hajamaliza kusikiliza. "Vumbi la juu linaingia kwenye kufuli. Tutakutumia fundi."

"Kutu inamchagua Siwema na kumkataa Ntemi?"

"Inatokea."

"Nimeujaribu mara tisa. Ngoja nikuulize mimi, mama, maana mimi ni mtu wa tofali. Namba yake ikigawanya ya mlango wangu bila kubaki kitu, na mlango wangu ni mimi na Milembe tu, basi yeye yuko ndani ya mmoja wetu. Ndani yangu au ndani yake. Nani?"

Bi Tumsifu aliweka kalamu chini. Akainuka, akafunga mlango, akarudi akaketi upande huu wa meza, kwenye kiti cha wageni, magoti yao karibu kugusana.

"Ndani yake," akasema.

Luhende alikuwa amejiandaa kubishana hadi jioni. Hakuwa amejiandaa kukubaliwa. Mdomo ulibaki wazi kama wa mtu aliyesukuma mlango alioudhani umefungwa, akaangukia ndani.

"Namba ya Milembe haikuwa tasa?"

"Haikuwa. Ni tatu zilizozidishwa. Mojawapo ni ya huyo mama uliyekuja naye."

"Na mlimpa mkiwa mnajua?"

"Tulipompa hatukujua. Sikiliza, baba, nikueleze kama ilivyo. Namba ndefu namna hiyo hatuwezi kuijaribu kwa kuigawa. Maisha hayatoshi. Kwa hiyo tunaiuliza swali. Tunachukua namba ndogo, tuseme mbili, tunaizidisha yenyewe kwa yenyewe mara nyingi kadiri ya hiyo namba tunayoipima, halafu tunagawa na kutazama mabaki. Kuna ufupisho wake, mashine inaweza. Ikiwa namba ni tasa, mabaki ni ile ile mbili tuliyoanza nayo. Ukianza na saba, inakurudishia saba. Haikosei hata siku moja."

"Na isipokuwa tasa?"

"Inaumbuka. Karibu zote zinaumbuka."

"Karibu."

"Zipo chache zinazojibu vizuri kama tasa, hata uziulize kwa namba gani. Waongo wa kuzaliwa. Chukua mia tano sitini na moja. Iulize kwa mbili, kwa saba, kwa kumi, itakurudishia ulichoipa."

Luhende alifumba macho kidogo tu. "Tano na sita na moja ni kumi na mbili. Inagawanyika kwa tatu."

Bi Tumsifu alizishika shanga za miwani yake.

"Tofali mia tano sitini na moja," Luhende akaendelea, "ukizipanga mistari ya thelathini na tatu unapata mistari kumi na saba, haibaki hata moja ya kumtupia kuku. Mashine yenu hailioni hilo?"

"Kwa namba ndogo kila mtu analiona. Kwa tarakimu mia tatu haonekani aliye tumboni, mpaka umjue kwa jina."

"Hakuna swali lingine la kuziuliza? Lisilodanganyika?"

"Lipo."

"Kwa nini hamkuliuliza?"

"Linachukua muda zaidi. Ulikuwa mwaka wa msongamano, baba, watu elfu tisa wako pale juu kwenye jua wanasubiri kushushwa. Tuliamriwa tutumie swali moja. Tena tukaamriwa mashine isitafute namba mpya, ianze na zile fupi za kambini na kujenga juu yake, ili zipatikane upesi. Kumbe kwa kujenga hivyo, wale waongo adimu wakawa si adimu."

"Hilo swali la pili. Linachukua muda gani?"

Bi Tumsifu alivua miwani. "Dakika nne. La kwanza nusu dakika."

Luhende akapiga hesabu, kwa sababu kichwa chake hakikujua kufanya kingine. Dakika tatu na nusu. Wali haujaiva kwa muda huo. Mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu vyote viwili na kusalimiana na jirani. Alikuwa na hasira ya miaka mingi na wakubwa wa Shimoni, alizoea kulala na kuamka nayo. Lakini daima alidhani wanamla kwa ajili ya kitu kikubwa. Hakuwahi kufikiri kwamba ni kwa dakika tatu na nusu.

"Na ule mkono," akasema. "Uliofungua kitanda."

Bi Tumsifu alivuta jalada kutoka droo ya chini, akalifungua magotini mwake. "Saa nne na dakika kumi asubuhi. Kiganja cha Siwema Kondo. Shangazi yake alikuwa kitanda cha jirani."

Hakuhitaji kuendelea. Luhende aliona yote kama aliyekuwa macho. Mtu wa heshima akienda kumwona mgonjwa wake hatoki wodini bila kupita vitanda vyote. Anashika ubavu wa kitanda, anainama, anasema pole mama, Mungu atakujalia, hata kama hamjui. Siwema alipita. Alimkuta mzee amelala kwenye kigoda, akapunguza sauti asimwamshe, akashika ubavu wa kitanda pale penye bamba la kufuli, akasema pole. Mashine ikasimama. Akaenda kitanda kinachofuata.

"Yeye anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua ila mimi na wewe na walio juu yangu."

"Miaka minne mimi ndiye niliyemuua."

"Baba Holo."

"Usiniite hivyo. Jina hilo mlinivua ninyi."

Bi Tumsifu akageuza jalada ili alione. Majina kumi na moja. Kumi na mmoja walio hai, akasema, ambao namba zao zina mtu mwingine ndani. Wanne wako kwenye vitanda vya mashine sasa hivi. Siku yoyote, mkono wowote wa mtu mwema unaweza kupita. "Nina uwezo wa kuwabadilishia leo hii, mmoja mmoja, kwa swali lile refu. Nahitaji sababu ya kuandika ambayo wakubwa wataipitisha bila kuuliza. Nikiandika namba mbovu, kila mtu Shimoni ataihofia yake. Walio kwenye mashine mia mbili na kumi na wawili watajing'oa mipira wenyewe kwa woga, na hao nitawarudishaje? Lakini nikiandika matengenezo ya kawaida, na malalamiko yako yakafungwa..."

"Yafungwe vipi?"

Akamsogezea bamba lenye maandishi. Luhende herufi zilimchukua muda, akazisoma kwa kidole. Kwamba mlango ulikuwa na kutu. Kwamba namba ya marehemu Milembe ilikuwa tasa. Kwamba maelezo ya kifo yaliyotolewa mwanzo ni ya kweli na yeye anayakubali. Na mwisho kabisa, kwamba atakayekana tamko lake hadharani atafutiwa namba.

Asiye na namba Shimoni hana mlango, hana maji. Hupandishwa juu.

"Kumi na moja," Luhende akasema.

"Kumi na moja."

"Leo. Nikiwa nimekaa hapa naona."

"Ukiwa unaona."

Aliutazama mkono wake wa kulia. Akauweka juu ya bamba, akathibitisha kwa mara ya pili kwamba ndio uliomuua mkewe.

*

Ilichukua hadi baada ya alasiri kidogo. Bi Tumsifu alikuwa mtu wa neno lake katika hilo, Luhende hawezi kumnyima haki yake. Kila jina lilijitokeza kwenye kioo, namba ya zamani ikayeyuka, mpya ikaulizwa swali refu, dakika nne, kisha ujumbe ukaenda kwenye kiganja cha mwenyewe popote alipo. Luhende alihesabu kwa vidole. Hakunywa chai aliyoletewa. Mtu wa saba mashine ilimkataa, namba mpya ikaumbuka kwenye dakika ya tatu, ikatafutwa nyingine, na Bi Tumsifu akaguna kama mama aliyekuta jiwe kwenye mchele. Wa kumi alikuwa mtoto mchanga. Wa kumi na moja alikuwa bibi wa ngazi ya tisa ambaye Luhende aliwahi kumfyatulia tofali za jiko.

"Tumemaliza," Bi Tumsifu akasema. Akachapisha ile orodha ili aipige mhuri, akaiweka mezani, akaenda kutafuta wino.

Herufi ndizo zilizomchukua Luhende muda. Tarakimu hazijawahi kumchukua muda. Juu ya karatasi, pembeni, palikuwa na tarehe ya siku orodha ilipotengenezwa. Tano, mwezi wa tatu, mwaka ule ule.

Milembe alikufa tarehe kumi na nne.

Alirudia kutoa. Kumi na nne, toa tano. Akairudia tena kama mtu anayepanga tofali akitumaini safari hii itabaki moja. Haikubaki.

"Mama," akasema Bi Tumsifu aliporudi na mhuri. "Hii orodha ina watu kumi na mmoja leo. Ilipoandikwa walikuwa wangapi?"

Aliona uso wake ukifanya kazi. "Kumi na wawili," akasema mwishowe.

"Siku tisa."

"Tuliomba kibali cha kubadilisha. Kilikuwa hakijarudi."

"Kwa nani?"

"Juu."

"Mlikuwa na jina la Milembe mezani siku tisa. Mlikuwa na la Siwema. Mngeweza hata kumwambia mlinzi wa mlango wa zahanati, huyu mama asishike vitanda. Mlinzi tu."

"Nilifikiria hilo," Bi Tumsifu akasema kwa sauti ndogo sana. "Baada ya mazishi."

Luhende aliinuka. Alitoka tu. Bi Tumsifu alimfuata, karatasi mkononi, akisema baba, baba, umeweka kiganja, kumbuka umeweka kiganja.

Ukumbini walikuwepo watu kama themanini kwenye mabenchi, wakijipepea kwa fomu. Siwema alikuwa benchi la pili. Alimwona akamsogezea nafasi. "Mnyamwezi, nilidhani wamekugeuza karani," akasema. Watu wakacheka.

Luhende hakuketi.

"Naitwa Luhende, wa ngazi ya kumi na moja," alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya kuita watu kwenye tanuri. "Mke wangu alikuwa Milembe. Wengi mnajua kwamba mimi ndiye niliyezima mashine yake. Mmenisalimia vizuri miaka minne, nawashukuru, lakini mnajua. Sasa nasema mbele yenu: si mkono wangu. Namba aliyopewa Milembe haikuwa tasa. Ilikuwa na mtu mwingine ndani. Hawa hapa walijua siku tisa kabla hajafa, na jina lake lilikuwa mezani. Wenzake kumi na mmoja wamebadilishiwa leo, nimewaona kwa macho yangu, wote. Kwa hiyo aliye na mgonjwa asing'oe kitu. Walio kwenye mashine wako salama. Nimehesabu."

Fomu ziliacha kupepea. Mtoto mmoja alikohoa. Mlinzi wa mlango alimtazama Bi Tumsifu, Bi Tumsifu hakumpa ishara yoyote. Habari hii, Luhende alijua, ingefika ngazi ya nne kabla jua halijatoka ukingoni, na Holo angeisikia akiwa jikoni, na angeweka mwiko chini.

Ndipo akamwona Siwema.

Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amekifungua kiganja chake cha kulia mapajani na anakiangalia, kama mtu anayesoma barua. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mlango umefunguka. Namba ina mtu ndani. Zahanati ya chini, miaka minne. Ile akili yake nyepesi ya utani, Luhende aliiona ikipanda ngazi moja baada ya nyingine, na hapakuwa na namna ya kuishika mguu.

Akainua uso. Haukuwa na utani hata chembe.

"Mzee Luhende," akasema. "Ilikuwa tarehe ngapi?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Luhende. Hata Bi Tumsifu, amesimama kwenye kizingiti cha ofisi yake, karatasi kifuani.

Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Aliibeba ulimini miaka minne. Holo aliijua kama jina lake. Imeandikwa juu ya kaburi. Kuitaja ilikuwa ndiyo kazi iliyobaki, neno moja la mwisho, na hesabu yake ingekaa sawa mbele ya watu wote.

Na mwanamke huyu alipita vitandani akisema pole.

"Ishirini," Luhende akasema. "Mwezi wa sita."

Siwema akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Mwezi wa sita," akasema, na mabega yake yakashuka polepole. "Mwezi wa sita mimi nilikuwa kambini. Shangazi tulimzika wa nne." Akajifunika uso kwa kanga, akabaki hivyo kidogo, akaufunua. "Mnyamwezi wewe. Umetaka kuniua."

Bi Tumsifu aliitazama karatasi yake, kisha akamtazama Luhende. Neno moja tu lingetosha. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akanyamaza. Anajua kunyamaza huyo.

Kwenye benchi la nyuma akasimama mwanamume wa ngazi ya nne, jirani wa Holo. "Milembe? Mama Holo?" akasema. "Huyo tulimzika mwezi wa tatu. Mimi nilichimba. Mzee hata msiba wa mkewe haukumbuki."

"Kachanganyikiwa," mtu akasema.

"Mwacheni. Ni majonzi."

"Sasa kama tarehe haijui, hizo siku tisa kazijua vipi?"

Fomu zikaanza tena kupepea. Mlinzi alikuja akamshika Luhende kiwiko, si kwa nguvu, akamwambia twende mzee. Siwema, aliyekuwa ameushika mwezi wa sita asitake kusikia mwingine, alimsogezea tena nafasi kwenye benchi, akapapasa mbao kwa kile kiganja chake, akamwambia aketi kwanza apumzike, wasimburute mtu mzima kama mbuzi.

Luhende alisikia yote waliyosema. Hakumsahihisha mtu.